Kuingia Bob Marshall Kabla Theluji Haijaisha: Mwongozo wa Safari ya Farasi na Mizigo

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Montana, nchini Marekani, mwezi wa Mei ni mdanganyifu. Mabondeni majani yamekwisha kuchipua, farasi waliokaa zizini tangu Novemba wanaparura lango kwa kwato, na mwenye farasi mwenyewe amechoka kuitazama milima dirishani. Kumbe huko juu, kwenye mapito yanayokata mgongo wa Milima ya Rocky, theluji bado imejaa kiasi cha kumfikia farasi kifuani, na katika miaka mingi mapito hayo hayapitiki kwa wanyama hadi mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Mwongozo huu ni wa wiki hizo za katikati, baada ya barabara za kuingilia kukauka na kabla ya mapito ya juu kufunguka, na umeandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua kupanda farasi lakini hajawahi kuongoza msafara wa wanyama wa mizigo katika pori la Bob Marshall.

Pori hilo lina zaidi ya ekari milioni moja, yaani hekta laki nne na ziada, na limepewa jina la mwanamisitu aliyefariki mwaka 1939. Linalindwa na sheria ya mapori asilia ya mwaka 1964, ambayo hairuhusu ndani yake barabara, injini wala chombo chochote cha magurudumu. Baiskeli imekatazwa, na hata toroli. Kwa hiyo mzigo mzito husafiri juu ya mgongo wa mnyama, kama unavyosafiri katika vichochoro vya Lamu. Mnyama anayependwa zaidi kwa kazi hiyo ni baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike. Wengi humwita nyumbu, nami nimeliepuka jina hilo makusudi, kwa kuwa msomaji wa Arusha au Narok akisikia nyumbu huwaza mnyama mwingine kabisa.

Hatua ya 1: Mwandae mnyama kwa wiki nane

Farasi aliyepumzika majira yote ya baridi hutoka zizini akiwa na tumbo kubwa, misuli laini na ngozi ya mgongo iliyosahau tandiko. Ukimpakia siku ya kwanza na kumpandisha mlima, atafika, kwa maana farasi ni mnyama mtiifu kupita kiasi, lakini kesho yake utamkuta amevimba pale mkanda wa tumbo ulipopita.

Katika wiki mbili za kwanza mtembeze kwenye ardhi tambarare kwa dakika 30 hadi 45, mara nne kwa wiki, bila kumkimbiza. Wiki ya tatu na ya nne ongeza vilima na vipande vifupi vya mchakamchaka. Kuanzia wiki ya tano mvishe tandiko atakalolitumia safarini, awe farasi wa kupandwa au baghala wa mizigo, ukianza na nusu ya uzito uliokusudia na kuongeza kidogo kidogo, huku saa za kazi zikirefuka hadi kufikia nne au tano kwa siku. Usikadirie kwa macho tu kwamba mnyama yuko tayari; mpime mapigo ya moyo. Weka vidole kwenye mshipa unaopita chini ya taya, au kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha mara nne. Farasi aliyetulia ana mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Baada ya kupanda mlima na kupumzika dakika 10 hadi 15, mapigo yanapaswa kuwa yameshuka hadi 60 hivi au chini yake, na yakiwa bado juu ujue kwamba umemwomba zaidi ya alichonacho.

Kila unapomtandika, msugue kwanza kwa brashi ngumu. Mwezi Mei manyoya ya baridi yananyonyoka kwa mafungu na kushikamana na tope, na fungu moja likibaki chini ya tandiko hugeuka kuwa kidonda kabla ya adhuhuri.

Hatua ya 2: Kwato na karatasi

Mwite fundi wa kwato wiki moja kabla ya kuondoka, ili nali mpya, yaani viatu vya chuma vya kwato, ziwe zimekaa na kosa lolote lijitokeze ukiwa bado nyumbani. Njia za mwanzo wa msimu zina mawe yaliyong'olewa na maji, kwa hiyo kwato tupu hazifai isipokuwa kwa mnyama aliyezoea. Beba kiatu kimoja cha mpira cha akiba kwa kila saizi ya kwato uliyonayo. Ukitoka jimbo jingine, utahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo pamoja na matokeo ya kipimo cha damu kiitwacho Coggins.

Hatua ya 3: Iulize njia kabla ya kupanga safari

Piga simu katika ofisi ya msitu wa taifa inayosimamia lango utakaloingilia. Upande wa magharibi ni Msitu wa Taifa wa Flathead. Usiulize kama njia iko wazi, kwa sababu jibu la swali hilo halina faida. Uliza theluji imeanzia kimo gani, miti iliyoanguka imeondolewa hadi kilomita ya ngapi, na madaraja ya wanyama yapo salama au yamechukuliwa na maji. Uliza pia kikomo cha idadi ya watu na wanyama kwa kundi moja, maana kipo.

Ukishapata majibu, chagua njia inayofuata bonde la mto na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Bonde la South Fork ya mto Flathead linafaa, na mabonde ya upande wa mashariki, ambako milima inakutana na nyanda, hupata theluji kidogo na kukauka mapema zaidi. Anayeota kuuona ule Ukuta wa Kichina, jabali la mawe ya chokaa linalosimama mita 300 hivi, asubiri Julai. Mzunguko unaovuka mapito ya juu mwezi wa Juni ni kamari, na anayelipa ni mnyama. Kabla ya kuondoka, andika kwenye ramani mahali pa kugeukia na saa ya kugeukia, umwachie nakala mtu wa nyumbani, kwa sababu huko ndani simu ya mkononi haina mtandao na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti huweza kuishiwa chaji.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya malisho

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, wakidhani kwamba mlima wenye majani ni mlima wenye chakula. Majani ya Mei ni maji na sukari. Mnyama aliyekula nyasi kavu miezi yote, akiachiwa ghafla kwenye majani hayo, anaweza kupata msokoto wa tumbo au ugonjwa wa kwato unaomfanya ashindwe kukanyaga. Isitoshe, ardhi bado ni tope, na kundi la farasi likilishwa hapo siku mbili huacha kovu litakaloonekana msimu mzima.

Beba chakula, basi, nawe uhesabu hivi. Mnyama wa kilo 450 anahitaji takriban kilo 8 za chakula kikavu kwa siku. Wanyama wanne wanakula kilo 32. Baghala mmoja wa mizigo hubeba kilo 68 hivi, kwa hiyo mzigo wake wote unawatosha wanne hao kwa siku mbili tu, naye akiwa mmojawapo. Ukiongeza siku, unaongeza baghala, na baghala huyo naye ana tumbo. Unaweza kupunguza hesabu kwa kuwaachia wale majani saa moja au mbili kwa siku, na kuanzia wiki mbili kabla ya safari unapaswa kuwa unawazoesha majani mabichi nyumbani kwa vipindi vifupi. Lakini hesabu yenyewe haipindiki sana, na ndiyo sababu safari nzuri ya mapema ni ya usiku mbili au tatu.

Chakula hicho lazima kiwe na hati ya kuthibitisha kwamba hakina mbegu za magugu. Ni sharti katika misitu ya taifa ya Montana. Walishe chakula hicho hicho siku tatu au nne kabla ya kuingia, ili wasibebe mbegu tumboni na kuzipanda porini kwa kinyesi.

Hatua ya 5: Fungasha na kupakia

Yapo matandiko ya aina mbili. La kwanza, la kale zaidi, lina mbao zilizopishana mbele na nyuma kama herufi X. La pili huitwa Decker, lina matao mawili ya chuma, na ndilo linalotawala Montana na Idaho. Tandiko la mbao lilizoea masanduku na mifuko inayoning'inizwa kila upande, mfano wa shogi la punda. Decker hubeba hayo pia, lakini uzuri wake ni kubeba furushi la turubai, nami naona anayeanza ajifunze furushi kwanza, kwa kuwa linapokea umbo lolote.

Tandaza turubai nzito yenye mita 2 kwa 2.5 hivi, kona moja ikikuelekea. Panga vitu katikati kwa umbo la tofali refu: vigumu upande utakaokuwa nje, vilaini kama mablanketi upande utakaogusa mbavu za mnyama. Kunja kona ya chini, kisha za kando, kisha ya juu, kama anayekunja bahasha, na uhakikishe kwamba mkunjo wa mwisho unaelekea chini ili mvua iteleze badala ya kuingia. Funga kwa kamba ya mita 10 hivi: kitanzi kwa urefu wa furushi kwanza, halafu mizunguko mitatu ya kukata upana, kila mmoja ukikazwa kwa goti. Furushi lililofungwa vizuri unaweza kulitupa chini kutoka kiunoni lisibadilike umbo. Likilegea, lifungue uanze upya, usiongeze kamba juu ya kosa.

Kisha pima. Ning'iniza kila furushi kwenye mizani ya mkono, na usikubali tofauti ya zaidi ya kilo moja kati ya pande mbili za mnyama mmoja. Uzito wa jumla usizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama, tandiko likihesabiwa humo, na kwa mnyama aliyetoka mapumzikoni mimi hukata tena robo. Ukiwa njiani na kuona tandiko linavutika upande mmoja, simama wakati huo huo. Mara nyingi jiwe la kilo moja likipachikwa chini ya kamba za upande ulio mwepesi humaliza tatizo.

Wanyama huungwa kwa foleni, kamba ya kila mmoja ikishikizwa nyuma ya aliye mbele yake. Haifungwi kwenye tandiko lenyewe. Nyuma ya tandiko huwekwa kitanzi cha kamba nyembamba, unene wa penseli, na kamba ya mnyama wa nyuma hufungwa hapo, ili siku mmoja akianguka kitanzi kikatike na wengine wabaki njiani. Msimu niliojifunza kazi hii niliiona kamba hiyo kuwa dhaifu mno, nikaibadilisha kwa nene bila kumwambia mtu. Siku ya pili baghala wa katikati aliteleza kwenye ukingo uliolowa, akamvuta wa mbele yake hadi akakaa kitako kama mbwa, na kamba kati yao ikakaza ikawa ngumu kama nondo. Niliikata kwa kisu, mkono ukitetemeka, na kisu kilikuwa mfukoni kwa bahati tu. Sasa nakivaa mkandani, na kitanzi ni chembamba.

Vaa mwilini pia kiberiti, filimbi, ramani na dawa ya kupulizia dubu. Kilichomo kwenye mfuko wa tandiko ni mali ya farasi. Akiondoka, ameondoka nacho.

Hatua ya 6: Miti na theluji

Upepo wa majira ya baridi huangusha miti mingi juu ya njia, na kwa kuwa msumeno wa mota umekatazwa porini, beba msumeno wa mkono. Ule mrefu wa watu wawili hukata gogo nene kwa dakika chache ukiwa na meno makali, lakini tazama kwanza gogo limelemea wapi: likiwa limeegemea ncha zote mbili na katikati likaning'inia hewani, litabana msumeno ukikata kutoka juu, kwa hiyo pigilia kabari mapema. Usizoee kuzunguka kila mti. Wanyama wanane wakipita pembeni mara moja, mwezi ujao kuna njia mbili.

Theluji nayo ijaribu kwa miguu yako. Asubuhi huwa imeganda na kuonekana kama saruji, lakini kilo 450 juu ya kwato nne ndogo si sawa na uzito wako juu ya buti, na saa sita mchana tabaka lile lile huvunjika. Mnyama akizama hadi tumboni hupapatika, na nali huweza kumkata mguu mwingine. Kipande kifupi unachokiona mwisho wake, chenye kina kisichozidi goti la farasi, kipite ukiwa umeshuka, ukiongoza mnyama mmoja mmoja. Kikizidi hapo, geuka. Karibu na lango la kaskazini la pori hili upo mji na bwawa lenye jina Hungry Horse, yaani Farasi Mwenye Njaa, kwa kumbukumbu ya farasi wawili wa mizigo, Tex na Jerry, waliopotea wakivuta sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, katika majira ya baridi ya 1900 na 1901. Walipatikana baada ya kama mwezi mmoja, wamezama hadi tumboni katika theluji, wangali hai lakini wamekonda wakabaki ngozi na mifupa. Wenzetu wale walipona, lakini sidhani walishukuru.

Theluji laini hujikusanya ndani ya nali na kufanya tufe linalomwinua mnyama kama aliyevaa viatu vya kisigino. Paka nyayo za kwato mafuta mazito kabla ya kuingia, na beba kichokonoo mkononi.

Hatua ya 7: Mito

Maji huua zaidi ya theluji kwa sababu huwa yanaonekana kama jambo dogo. Mito ya Bob Marshall hufika kileleni mwa mafuriko kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni. Vijito vinavyotoka moja kwa moja kwenye theluji vina saa zake: jua likiyeyusha theluji mchana, maji hufika chini jioni na usiku, kisha hupungua hadi alfajiri. Kijito ulichokivuka saa mbili asubuhi maji yakiwa kwenye magoti huenda kikafika tumboni saa kumi na moja jioni, na mtu aliyekwenda matembezi ya siku moja akajikuta upande usio wa kambi yake. Vuka mapema, na uhesabu kurudi kabla ya kuhesabu kwenda.

Fika ukingoni, shuka, tazama. Maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba magogo, au ukisikia mawe yakigongana chini, siku hiyo hakuna kuvuka. Yakiwa safi, tafuta mahali mto ulipopanuka, kwa kuwa upana ndio hupunguza kina, na uchunguze mita mia moja za upande wa chini, maana huko ndiko utakakopelekwa ukianguka. Rundo la miti upande wa chini linatosha kukataa kivuko ambacho kwa mengine yote ni kizuri.

Ukiridhika, fungua foleni yote ili mnyama asimzamishe mwenzake, na ondoa mkanda wowote unaomzuia farasi kuinua kichwa. Ingiza ncha tu za vidole vya miguu kwenye vikuku vya tandiko, mpe hatamu, elekeza kichwa chake kidogo upande maji yanakotoka, na ukaze macho kwenye mti wa ng'ambo. Anayetazama maji hupata kizunguzungu na kuanza kuegemea bila kujua. Maji yakifika tumboni mwa farasi yuko karibu kuelea. Ukianguka, shika manyoya ya shingo au mkia, na ukiachana naye lala chali, miguu ikitangulia, hadi maji yatakapokuwa ya kina kifupi.

Hatua ya 8: Kambi

Chagua ardhi ngumu na kavu, angalau mita 60 kutoka majini. Tanda kamba imara kati ya miti miwili mikubwa, juu ya vichwa vya wanyama, ukiifunga kwa mikanda mipana ili isikate magome, kisha mfunge kila mnyama kwenye kamba hiyo kwa urefu unaomruhusu kulegeza shingo bila kukanyaga kamba yake. Usimfunge mnyama moja kwa moja kwenye mti, kwani usiku mmoja tu atachimba hadi mizizi. Wakati wa kulisha, wavishe pingu za miguu ya mbele, na daima abaki mmoja aliyefungwa. Wote wakiwa huru, wanaijua njia ya nyumbani kuliko wewe.

Dubu aina ya grizzly huwa wameamka wakati huu, nao wako mabondeni kama wewe, wakitafuta majani mapya na mizoga iliyofichuliwa na theluji. Sheria inataka chakula chote, pamoja na nafaka za wanyama, kiwekwe ndani ya masanduku yasiyofunguliwa na dubu au kitundikwe mita 3 kutoka ardhini na zaidi ya mita moja kutoka shina la mti. Fanya hivyo kabla ya giza, hata mvua ikinyesha na ukiwa umechoka.

Jioni, ukishavua tandiko, acha blanketi mgongoni dakika chache ili ngozi isipoe ghafla, kisha pitisha kiganja polepole kuanzia mabegani hadi kiunoni, na chini pale mkanda wa tumbo ulipokaa. Rudia asubuhi kabla ya kupakia, kwa kuwa uvimbe mwingi hujitokeza usiku. Ukigusa mahali pa moto, au mnyama akikunja mgongo chini ya vidole, baghala huyo anarudi bila mzigo, na furushi zake zinagawanywa kwa wengine au zinabebwa na farasi wako, nawe unatembea. Tawanya kinyesi, fukia mashimo waliyochimba kwa kwato, kisha ondoka mapema, kabla vijito havijaanza kupanda.